Operesheni ya kizazi: mwongozo kwa mgonjwa wa Tanga, kutoka kliniki hadi wiki ya sita

Operesheni ya kizazi ikiahirishwa asubuhi ya siku yenyewe, sababu mara nyingi ni ndogo kuliko mgonjwa anavyodhani: damu yake ni pungufu, presha imepanda, hakuna chupa ya damu iliyotengwa kwa ajili yake, au amekunywa chai ya maziwa alfajiri. Mambo hayo manne hurekebishwa nyumbani wiki kadhaa kabla. Kwenye mlango wa thieta (chumba cha upasuaji) huwa muda umekwisha. Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyeambiwa ana uvimbe kwenye kizazi (mayoma) au ana hedhi isiyokatika, na anajiandaa kutolewa uvimbe huo au kizazi chenyewe.

1. Kliniki

Kama uko mjini, anzia kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfano Makorora, Ngamiani au Pongwe. Kama uko Pangani, Mkinga, Muheza au Korogwe, anzia hospitali ya wilaya yako. Baadhi ya operesheni hizi hufanyika hukohuko wilayani. Zile kubwa au zenye wasiwasi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Omba karatasi ya rufaa iliyoandikwa na kugongwa muhuri, hasa kama unatumia bima, kwa sababu bila karatasi hiyo unaweza kukwama dirishani hata kabla hujamwona daktari.

Daktari atauliza mambo yaleyale kila mara, kwa hiyo yaandike kwenye daftari: tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku inazochukua, mimba ulizobeba na zilizoharibika, operesheni za zamani, dawa unazomeza pamoja na za kienyeji, na dawa iliyowahi kukudhuru. Kuhusu damu, hesabu pedi. Ukisema tu "natokwa damu nyingi", daktari hapati cha kushika. Ukisema "nabadilisha pedi kila baada ya saa moja kwa siku tatu, natoa mabonge, na usiku naamka mara mbili kubadilisha", umempa nusu ya majibu.

Aliyekwisha koma hedhi kwa mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, asisubiri irudie. Kwake daktari hutaka kwanza kuchukua kinyama kidogo cha ndani ya kizazi kikapimwe saratani, ndipo mazungumzo ya operesheni yaanze.

2. Vipimo: nini kinaingia wapi

Vaa dera au gauni pana, lipandishwe tu badala ya kuvua kila kitu. Siku mbili kabla ya kupimwa usijamiiane, usiweke dawa ukeni, usijinawishe ndani kwa limau au shabu, na usijifukize. Hivyo vyote hubadilisha uteute na ngozi ya shingo ya kizazi, na majibu yakawa ya kupotosha. Kama uko kwenye hedhi nzito, omba tarehe nyingine, isipokuwa kama damu yenyewe ndiyo iliyokuleta.

Altrasaundi ya tumbo huhitaji kibofu kilichojaa: kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla, usikojoe. Ya ukeni huhitaji kibofu kitupu. Muulize anayekupangia ni ipi, maana watu hukaa foleni nusu siku kisha wakarudishwa kwenda kunywa maji.

Spekulamu ni kifaa cha kupanua uke ili shingo ya kizazi ionekane. Hubana lakini hakitakiwi kuuma sana. Kikiuma, sema, kuna ukubwa mdogo zaidi. Legeza makalio yaguse kitanda na utoe pumzi polepole kinapoingia, kwa kuwa msuli uliokazwa ndio unaoumia. Ambaye hajawahi kuingiliwa aseme mapema bila haya, kwake hupimwa kwa njia nyingine. Ukipimwa na daktari wa kiume, una haki ya kuomba nesi wa kike awepo chumbani. Kuwepo kwake humlinda daktari pia, kwa hiyo usione unasumbua.

Kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi kinachotumika sana nchini ni cha siki: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa, husubiriwa dakika moja, kisha huangaliwa kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Huwasha kidogo. Weupe si saratani, ni dalili ya seli zinazohitaji kutibiwa au kuchunguzwa zaidi. Ukitibiwa kwa joto au kwa kugandishwa, tegemea majimaji mengi ukeni kwa takriban wiki nne, na muda huo wote usijamiiane. Kipimo hiki kifanyike kabla ya operesheni ya mayoma. Kutolewa kizazi huku kuna saratani ya shingo isiyojulikana ni kosa linaloharibu mpango mzima wa matibabu.

3. Kuamua: uvimbe peke yake au kizazi kizima

Kutolewa uvimbe hukuachia uwezo wa kuzaa. Upande wake mbaya ni damu nyingi zaidi wakati wa kupasuliwa na uwezekano wa mayoma kuota tena. Ukikatwa ndani sana, daktari anaweza kukuambia utakapobeba mimba uzalie kwa upasuaji, na usibebe kabla kovu halijakomaa. Hilo aliandike kwenye karatasi ya kutokea hospitali. Baada ya miaka mitatu, nesi wa kituo kingine hawezi kulijua kwa kukuangalia kovu la nje.

Kutolewa kizazi humaliza hedhi na mayoma moja kwa moja, na humaliza uzazi. Kabla hujakubali, pata majibu ya maswali haya: Ovari (vifuko vya mayai) zinabaki? Shingo ya kizazi inabaki? Nitapasuliwa kwa mstari wa chini au wa kushuka kutoka kitovuni? Kuna dawa ya kujaribu kwanza? Nikikataa leo, itakuwaje? Uvimbe mdogo usio na dalili mara nyingi huachwa ukaangaliwa, na kwa aliyekaribia kukoma hedhi huweza kusinyaa wenyewe. Ovari zikibaki, hutaingia ukomo wa hedhi papo hapo. Zikitolewa zote mbili, joto la ghafla na jasho la usiku huweza kuanza ndani ya siku chache.

Maneno ya barazani kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi "hubaki shimo" hayana msingi. Utumbo hushuka ukajaza nafasi, na uke hushonwa kwa juu. Hamu ya tendo haimo ndani ya kizazi. Wengi waliokuwa wakitokwa damu siku kumi na tano kwa mwezi huona maisha ya ndoa yakiwa mepesi zaidi.

Fomu ya ridhaa unatia saini wewe, mtu mzima mwenye akili timamu. Kumshirikisha mume au mama ni jambo jema, na mara nyingi ndugu huombwa awepo, ila ridhaa ni ya mwenye mwili. Usiyejua kusoma, usomewe mbele ya shahidi ndipo uweke dole gumba.

4. Wiki nne hadi nane kabla: damu

Ukisikia "damu yako saba", maana yake ni gramu 7 za hemoglobini (kile chekundu kinachobeba oksijeni) kwa desilita moja ya damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa 12 au zaidi. Kwa operesheni ya kupangwa, madaktari wengi hutaka uwe na angalau 10. Aliye na 7 akipoteza damu kidogo tu hana akiba.

Vidonge vya chuma vya miligramu 200 vinafanya kazi ukivimeza ipasavyo. Meza tumbo likiwa tupu au saa mbili baada ya kula, pamoja na chungwa au juisi yake. Machungwa ya Muheza yapo tele, hilo si gumu. Usiteremshie kwa chai, kahawa wala maziwa, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Acha saa moja au mbili zipite. Ni hapa wengi wanapoharibu: vidonge vinamezwa na chai ya asubuhi kwa miezi miwili, damu haipandi, kisha lawama zinakwenda kwenye dawa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga za majani. Tumbo likichafuka sana, meza pamoja na chakula. Kidonge kinachoingia kidogo ni bora kuliko kilichoachwa kabatini. Tegemea damu kupanda kama gramu 1 hadi 2 kwa mwezi, ndiyo maana haifai kuanza wiki moja kabla. Na kama hedhi inakumwaga kila mwezi, omba dawa ya kuipunguza, mfano asidi ya traneksamiki au vidonge vya homoni, la sivyo unajaza ndoo inayovuja.

Kisha damu ya akiba. Damu haiuzwi, ila hospitali inaweza kuwaomba ndugu wachangie ili benki isikauke. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na damu yake isipungue 12.5. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na upimaji huo unataka muda. Walete siku kadhaa kabla, wakiwa wamekula na kunywa maji. Ndugu anayeletwa na njaa asubuhi ya operesheni huishia kuzirai kwenye benchi. Mchangiaji si lazima awe wa grupu lako.

Presha na kisukari navyo vianze kutulizwa sasa. Dawa za presha zisikatwe ghafla. Aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za miti shamba vitajwe vyote. Baadhi huongeza kutoka damu, baadhi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Daktari ataamua ipi isimame na lini.

5. Siku moja kabla

Mara nyingi unalazwa siku moja kabla. Anayetoka Pangani au Mkinga asitegemee basi la asubuhi. Mfuko uwe na khanga nne au tano (mbili za kujifunika, nyingine za kulalia), madera mawili yenye vifungo mbele, pedi kubwa, ndara, beseni, sabuni, kikombe, chupa ya chai, na begi dogo la karatasi zote na picha za altrasaundi. Malipo yafanyike dirishani au kwa namba ya malipo unayopewa, na risiti itunzwe. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla ya kulazwa.

Yanayosahaulika Tanga ni haya. Shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani, faraghani, kuliko kukatwa na nesi mbele ya watu. Zinakaa palepale panaposafishwa na kupasuliwa. Piko nyeusi kwenye vidole na rangi ya kucha huweza kuzuia kile kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni, na huficha kucha ambazo mtaalamu wa usingizi anaziangalia. Kama kuna harusi wiki hiyo, pakwa kwingine au acha kidole kimoja cha kila mkono kitupu. Kuhusu kunyoa, usinyoe kwa wembe siku ya mwisho. Mikato midogo isiyoonekana hukaribisha vijidudu kwenye kidonda. Mwenye desturi ya kunyoa kila wiki anyoe siku nne hivi kabla, kisha aache. Ikibidi, wodini watapunguza kwa mashine.

Kula chakula chepesi cha jioni. Kisayansi chakula hukoma saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, lakini wodi nyingi husema usile wala usinywe chochote tangu saa sita usiku, kwa kuwa orodha ya thieta hupanguliwa na wa tatu anaweza kuingia wa kwanza. Fuata uliloambiwa. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Sababu ya ukali huu ni kwamba ukilazwa usingizi, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ukiwa umekula, sema. Kuahirishwa ni nafuu kuliko kuficha.

6. Thieta

Utaoga, utavaa gauni la hospitali, utavua bangili, hereni, pini, nywele za bandia na meno ya bandia. Utawekewa sindano ya dripu mkononi. Jina lako na operesheni yako vitaulizwa na watu watatu au wanne. Si kwamba hawasikii. Ni utaratibu wa usalama, na ukisikia jina au operesheni imekosewa, sema hapohapo.

Ganzi ya mgongo hutumika sana. Utakaa umeinama, kidevu kifuani, mgongo umetunishwa nyuma kama wa paka aliyeshtuka. Usitikisike. Miguu itapata joto, kisha uzito, kisha haitanyanyuka. Utasikia kuvutwa na kushikwa bila maumivu. Kutetemeka na kichefuchefu hutokea, waambie wakupe dawa. Ukisikia maumivu makali, waambie, wanaweza kukuongezea dawa au kukulaza kwa nusu kaputi. Mpira wa mkojo huwekwa ili kibofu kiwe kitupu, kwa sababu kiko mbele kabisa ya kizazi na ndicho kinachoweza kujeruhiwa. Operesheni huchukua saa moja hadi mbili, zaidi kama mayoma ni makubwa au kuna makovu ya zamani. Ndugu aliyeko nje asipime hali yako kwa saa.

7. Wodini

Saa za mwanzo nesi atapima presha na kuangalia pedi mara kwa mara. Maumivu yakianza, omba dawa yakiwa madogo. Ukisubiri yakomae, dozi ileile haitoshi. Mpira wa mkojo mara nyingi hutolewa siku ya pili. Ukipita saa sita bila kukojoa baada ya hapo, mwambie nesi.

Simama siku ya kwanza baada ya operesheni, hata kama ni kuzunguka kitanda tu. Geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono, usijikunje tumbo. Ukikohoa, bana kidonda kwa khanga iliyokunjwa. Kulala tu bila kutikisika, jambo ambalo ndugu wenye huruma hulishinikiza, ndiko kunakogandisha damu miguuni.

Kunywa maji kidogo kidogo utakaporuhusiwa, halafu uji mwepesi. Tumbo litajaa hewa na bega linaweza kuuma. Ukijamba, furahi na umwambie daktari, utumbo umeamka. Kuumwa kichwa kunakozidi ukikaa na kutulia ukilala ni kwa sababu ya sindano ya mgongo. Kwa kawaida huisha kwa siku kadhaa, lakini kitajwe.

Kabla hujaruhusiwa, uliza nini kilitolewa, kilipelekwa maabara gani, na majibu utayafuata wapi na lini. Kinyama huchukua wiki kadhaa kupimwa.

8. Nyumbani

Rudi kwa teksi au bajaji iendayo polepole, mto ukiwa tumboni. Bodaboda na baiskeli hapana. Kidonda kikauke. Baada ya siku mbili tatu unaweza kuoga maji yakapita juu, ukakausha kwa kitambaa safi bila kusugua. Usipake asali, majivu, wala mafuta ya nazi. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 7 hadi 10.

Kwa wiki sita usibebe zaidi ya kilo tano. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, mtoto wa miaka miwili ni zaidi ya kumi. Kukuna nazi umeinama kwenye mbuzi, kutwanga na kufua mashuka viwe vya mtu mwingine. Tendo la ndoa lisubiri wiki sita na baada ya kukaguliwa, kwa kuwa mshono wa juu ya uke unaweza kuachia. Utoko wa kahawia kidogo kidogo wiki za mwanzo ni kawaida.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, ukiona:

- pedi mbili zinalowa ndani ya saa moja, au mabonge;
- homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, au kidonda kufunguka;
- tumbo kuvimba na kutapika bila kujamba wala kupata choo;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika;
- mkojo kukauka, au kuvuja ukeni bila kujizuia.

Hilo la mwisho huweza kujitokeza hata wiki moja au mbili baadaye, na wanawake hulificha kwa aibu. Maana yake ni kwamba kibofu au mrija wa mkojo umepata tundu, yaani fistula. Hutibika, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huitibu bila malipo.

Kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika

Hii ni shughuli tofauti na operesheni ya hapo juu, na ni fupi, dakika tano hadi kumi na tano, kwa bomba la kufyonza linaloshikwa mkononi na ganzi ya shingo ya kizazi au dawa ya maumivu. Unaondoka siku hiyohiyo kama hakuna tatizo. Maumivu kama ya hedhi na damu inayopungua kwa hadi wiki mbili ni kawaida. Homa, harufu mbaya au damu inayoongezeka si kawaida. Mimba nyingine inaweza kuingia ndani ya wiki mbili, hata kabla hujaona hedhi, kwa hiyo zungumzia uzazi wa mpango kabla hujatoka. Mwenye grupu hasi la damu (kwa mfano O hasi) aulize kama anahitaji sindano ya kinga.

Wiki ya sita

Kwa aliyefanyiwa operesheni, daktari ataangalia kidonda na mshono wa ndani, na atakusomea majibu ya maabara. Kama hayajafika, chukua tarehe nyingine na namba ya sampuli. Pima damu tena, maana vidonge vya chuma huendelea kwa kama miezi mitatu baada ya damu kufika kawaida. Kama shingo ya kizazi ilibaki, kipimo cha siki kinaendelea kukuhusu kwa ratiba ileile ya wanawake wengine.